Gari Linaloacha Umande

Downsview, Toronto
2 Februari 2025

Dada yangu Nargis,

Salaamun alaykum. Natumaini umeamka salama na goti limepata nafuu baada ya zile sindano. Sisi huku wazima. Theluji imefika kwenye madirisha ya gereji, nami sinung'uniki, maana theluji huharibu magari ya watu na magari mabovu ndiyo yanayonilisha. Shamina, binti wa marehemu ba'mdogo, ameolewa tena, safari hii na daktari wa meno wa Calgary. Picha utaziona kwenye kundi la ukoo.

Haya ninayokuandikia sikuyaweka kwenye kundi, kwa sababu mle wamo watu arobaini na kila mmoja ana maoni. Simu nayo tulikwishaapizana kuiacha. Tukipigiana, mmoja hukata kabla ya salamu kuisha. Kikachi, lugha ya wazee wetu, tunakisema, kukiandika hatukufundishwa. Basi tubaki na Kiswahili na bahasha. Hii anakuja nayo Ameer, anarudi Tanga kumwoza binti yake.

Neno lenyewe ni Nida.

Binti yangu huyu amenunua gari la haidrojeni, la mkono wa pili. Siku ya kwanza lilipoingia uani sikulisikia. Niliinua uso tu nikaliona limesimama kwenye theluji, linatoa mvuke mweupe kwa nyuma kama ng'ombe aliyeamshwa alfajiri, na chini ya bomba linadondosha maji. Nilichutama nikayakinga kiganjani. Maji matupu, yana uvuguvugu. Miaka thelathini na mbili nachungulia mabomba ya moshi, Nargis, na sijawahi kuinuka na kiganja safi.

Lakini usidhani nimerogwa. Nimepiga hesabu. Chukua vipimo mia vya umeme. Kuyachambua maji upate gesi, thelathini vimekwenda. Kuibana gesi na kuisafirisha, kumi vingine. Gari lenyewe, katika kuigeuza tena kuwa umeme, linakula nusu ya kilichosalia. Tairi linapata thelathini. Betri ya kawaida ingelifikishia sabini na tano. Na kituo cha kujazia ni kimoja, kilomita hamsini kutoka hapa, na tangi hubeba kilo tano na nusu. Kwenda na kurudi ni kilo nzima. Yaani mtoto anachoma karibu moja ya tano ya tangi kwa ajili ya kuifuata gesi ya kujaza tangi.

Nilipomwambia hivyo akanijibu, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba mimi nahesabu kilichopotea na yeye anahesabu kinachowezekana. Nikamwambia kinachowezekana hakijawahi kupimwa kwenye mizani.

Sasa anasema ataacha kazi aje kwako Tanga, kuna mradi wa gesi hiyo mlimani, na kwamba wewe unaujua. Mimi naujua kutoka kwake, wewe hukuniambia. Gereji hii niliianza na jeki moja na koti la kuazima. Hakuna aliyenishika mkono, si ndugu, si jamaa. Niliijenga iwe yake. Tangu mama yake atangulie, sina mwingine wa kuiachia.

Nakuomba jambo moja tu. Mwandikie asije. Wewe anakusikiliza.

Kakako,
Mohamedtaki


Tanga
11 Machi 2025

Kaka yangu Mohamedtaki,

Wa alaykum salaam, na Ramadhani yenye kheri. Ameer alifika na bahasha imelowa chai, lakini mwandiko wako hata chai haiuwezi. Goti lipo. Natembea nalo kama watu wawili wasiopatana. Harusi ilikuwa nzuri, biriani ilipungua, na dada yake Ameer amenuna hadi leo.

Hilo gari nimeliota. Baada ya daku nililala kidogo, nikaona Barabara ya Nane imelowa na mvua haikunyesha. Kila gari lililopita liliacha mstari mwembamba wa umande katikati ya njia, na mbuzi wa jirani walikuwa wakiufuata wanaulamba, polepole, hadi kule stesheni. Hapakuwa na kelele yoyote. Nilisikia ndimi za mbuzi tu. Nilipoamka nilikaa kitandani muda mrefu, sitaki kuweka miguu chini.

Niambie, maji yale yana ladha gani? Hukuyaonja? Nilimuuliza Maulana kama yanafaa kwa udhu. Akafikiri, akauliza, "Hilo gari amelinunua kwa mkopo?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi tuanze na riba, Mwalimu. Maji baadaye."

Kuhusu mlimani. Philomena, niliyemfundisha kemia kidato cha tatu, sasa ndiye meneja wa shamba la chai kule Amani. Wana mtambo wa umeme unaozungushwa na kijito. Masika maji yanakuja mengi kuliko wanavyohitaji, mtambo unazunguka bure na kijito kinamwagika bondeni. Kiangazi kinakauka, na gari la zahanati linasimama halina petroli. Philomena alikumbuka ile chupa yangu, penseli mbili na betri kwenye maji ya chumvi, na mlio mdogo wa gesi ikishika moto tuliokuwa tukiufurahia darasani. Akaniuliza, Mwalimu, masika haiwezi kuwekwa kwenye mtungi ikasubiri kiangazi?

Hesabu yako nimeisoma mara mbili. Thelathini katika mia ni kidogo, kweli. Lakini ile mia ya Amani hakuna anayeitumia, Bwana Hesabu. Inamwagika. Thelathini ya kitu kilichokwisha mwagika ni ngapi? Na hiyo betri yako, itaukumbuka umeme wa Aprili hadi Februari?

Funga vizuri. Usiruke daku kwa ajili ya wateja.

Dadako,
Nargis


Downsview
20 Julai 2025

Dada Nargis,

Salaamun alaykum. Rambirambi za Muharram, Mungu atupe ujira sote. Afya yangu nzuri. Joto ni kali hadi lami inanata viatuni. Frank, fundi wangu Mkongo, amepata mtoto wa tatu na amempa jina langu la kati bila kuniuliza.

Barua yako ilijaa mbuzi na umande. Nililokuomba sikuliona.

Ngoja nikueleze yaliyotokea, kisha useme mwenyewe kama nina haki ya kukasirika.

Jumapili moja ya Mei, Nida aliniambia twende tukajaze gesi. Nilikubali ili nimwoneshe hesabu njiani. Tukashika barabara ya ziwani. Ukungu ulikuwa mzito, maji na mbingu rangi moja, na gari halingurumi. Miaka yote mimi nikikaa ndani ya gari nasikiliza: beringi, mkanda, pistoni. Humo hapakuwa na cha kusikiliza. Masikio yangu yalikosa kazi yakalala kwanza, macho yakafuata. Nikaota mama yake Nida amekaa kiti cha nyuma, anafuta kioo kwa ncha ya pachedi, mtandio wake ule wa maua. Anafuta, ukungu unarudi, anafuta tena, hana haraka. Nilipoamka tulikuwa kituoni, na Nida amesimama nje ameshika mpini wa kujazia, mpini umeota barafu kama mwezi Januari. Sikumwambia nilichoota. Hata hesabu sikumwambia.

Nikakaa na amani wiki kadhaa. Kisha ikaja sabili.

Unajua kila Muharram maji ya sabili, ya kunywesha watu bure kwenye kituo chetu cha ibada, nayapeleka mimi, kwa gari la gereji, madumu ishirini. Ni nadhiri ya mama yake Nida na sijaiacha hata mwaka mmoja. Sasa, kila kilo ya gesi inazaa lita tisa za maji. Mengi huondoka mvuke, lakini Nida alikuwa amefunga kibomba cha mpira na kukinga kidogo kidogo, tangu theluji hadi kiangazi, akajaza dumu. Alitaka kuyapima. Dumu akaliweka pembeni mwa madumu yangu. Naeem, kijana anayejitolea pale kituoni, akaja kupakia, akapakia yote.

Wakachanganya sherbeti ya waridi. Mzee Hasham alikunywa vikombe viwili, akasema mbele ya watu, "Mwaka huu maji laini. Haya yamechujwa na malaika." Nami nikavimba kichwa kwa sifa. Ndipo Nida akaingia kwa upande wa wanawake, akaniita mlangoni akauliza dumu lake liko wapi.

Dada, waliposikia, wengine walitema, wengine walicheka. Mmoja akauliza kama atashindwa kuendesha akirudi nyumbani. Nida mwenyewe alikuwa anang'aa, amesimama na kikombe anakitazama kama kitu kilichoshuka toka mbinguni. Akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, "Baba, wamekunywa barabara ya ziwani." Nikamwambia maneno mbele yao. Sitayaandika.

Kesho yake nilipeleka yaliyobaki maabara. Majibu: maji, na chembe kidogo za mpira wa kile kibomba. Hakuna aliyeumwa hata tumbo. Lakini nikipita sasa wananiuliza, "Mohamedtaki, leo kuna eksozi ya waridi au ya zafarani?"

Nida amehamia Scarborough kwa rafiki yake, ghorofa ya kumi na nne. Tiketi yake ni ya Septemba. Gari ameliacha uani kwangu, ufunguo ameutundika kwenye msumari, hakuingia ndani.

Nilikuomba jambo moja, Nargis.

Mohamedtaki


Tanga
5 Oktoba 2025

Kaka yangu,

Salaam nyingi. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza niandike neno hili kwa uhakika: amefika, mzima, anakula. Wiki ya kwanza alilala kama mtu aliyeletwa na maji. Nikipita mlangoni nasikia anaongea Kiingereza usingizini, ananong'ona, kama anamwelekeza mtu njia.

Sasa la kwako. Umenituhumu mara mbili, nami nimenyamaza mara mbili. Nilimwandikia, Mohamedtaki. Wiki ileile Ameer aliponiletea bahasha yako. Nilimwandikia: usije, baba yako yuko peke yake, ile gereji ni jasho lake. Maneno yako yote niliyaweka, hata jeki, hata koti la kuazima. Nilichokuficha ni kwamba kila mstari niliuandika huku nikiomba asinitii.

Ya siku ya sabili hajanisimulia, na sikumuuliza. Alisema tu, "Baba alikuwa amechoka."

Tumekwenda Amani. Njia inapanda ndani ya mawingu. Unaingia wingu moja, unatoka, unaingia jingine, na chai imelala pande zote kama mtu amefunika mlima blanketi. Mvua za vuli zimeanza na mtambo unazunguka. Gesi inapatikana, kidogo lakini inapatikana, wameiweka kwenye mitungi. Gari kama lako huku halipo. Nida amechukua pikapu kuukuu ya zahanati na kuitengenezea njia ya kuchoma gesi moja kwa moja kwenye injini. Juzi Philomena aliiendesha hadi kona ya tatu. Nilisimama nyuma nikaona mstari wa majimaji kwenye vumbi jekundu, mwembamba. Nilidhani bado nimelala Barabara ya Nane.

Kisha injini ikakohoa, pwaa, kama bunduki, wachuma chai wakacheka hadi vikapu vikaanguka. Inakohoa kila siku. Nida anakaa nayo na kompyuta hadi giza.

Barua hii inakuja na mjukuu wa Hasham. Usimtume kumtania babu yake.

Nargis


Downsview
16 Novemba 2025

Dada Nargis,

Salaam. Wazima. Baridi imeanza.

Gesi hiyo huwaka upesi kuliko petroli. Kukiwa na kitu kimoja chenye moto ndani ya silinda, inalipuka kabla vali haijafunga, na moto unarudi nyuma. Ndiyo kukohoa huko. Aanze na plagi, atafute zinazopoa upesi. Na gesi iingie ikiwa imechelewa, si mapema. Viungo vyote vya bomba avipake povu la sabuni. Chembe yake ndogo kuliko gesi zote, inapita pasipopita kitu. Paa la banda liwe na tundu juu kabisa. Asivute mtu sigara. Wewe, na goti lako hilo, usisogee karibu.

Usimwambie ni mimi niliyesema.

Mohamedtaki


Tanga
28 Desemba 2025

Kaka yangu,

Salaam. Nimemwambia ni wewe.

Plagi alizozipata Tanga si zile. Kukohoa kumepungua, hakujaisha. Gari la zahanati halijashuka Muheza hata mara moja. Philomena amempa Nida hadi masika ianze. Ikishindikana wanarudi kwenye petroli na mitungi wanaiuza. Anakonda. Nilimwambia akuandikie, akasema hajui aanzie wapi. Nikamwachia nafasi hapa chini, nikatoka nje.

*Baba, shikamoo. Mimi najua kupiga hesabu, wewe ulinifundisha. Hesabu yote iko sawa. Injini inakohoa bado. Kusikia hukunifundisha. Nakaa mbele yake kutwa na sijui inasema nini. Nida.*

Hakuna aliyemsahihishia. Ameandika mwenyewe.

Nargis


Downsview
8 Februari 2026

Dada yangu Nargis,

Salaamun alaykum. Natumaini Ramadhani itatukuta sote tukiwa hai. Huku ni baridi ya kukata pua. Mzee Hasham anawasalimu. Amelazwa, ametoka, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama yale maji laini yamebaki.

Kituo cha gesi kimefungwa. Walibandika tangazo Desemba, mwishoni mwa Januari wakaondoa na pampu yenyewe. Magari yalikuwa machache, nadhani mimi nilikuwa mteja wao wa kila wiki wa mwisho. Sikukwambia kwamba naliendesha. Nilianza ili betri yake isife. Kisha nikawa natoka tu asubuhi, barabara ya ziwani, na kurudi. Baridi ikiwa kali, mvuke unaganda kabla ya kugusa chini. Ukitazama kwenye kioo unaona vinyota vinaelea nyuma yako, vinakufuata kidogo, kisha vinabaki. Watu kituo cha basi hugeuka. Mama mmoja alinipungia mkono, nikampungia, sijui alidhani mimi ni nani. Sikuwahi kulala tena ndani yake. Nilijaribu.

Nimekaa na swali lako tangu Machi mwaka jana. Hesabu yangu ni sahihi, thelathini ni thelathini. Lakini ni hesabu ya mtu aliyekwisha pata umeme na anauliza autumie wapi. Ninyi mnacho kijito kinachomwagika. Kwa Amani thelathini ni thelathini zaidi ya sifuri, na hapo sina cha kuongeza. Kwa Toronto msimamo wangu ni uleule, na kituo kilichofungwa ni shahidi.

Plagi nimepata seti tatu. Kusikia hakuandikiki, nimejaribu kurasa mbili nikazichana. Frank atashika gereji hadi masika iishe. Ana mkono mzuri ila anapenda redio. Nimemwambia akiniharibia mteja hata mmoja, nitambadilishia mtoto wake jina.

Mwambie Nida asiiwashe tena hadi nifike. Aiache ipoe, afungue boneti, asiguse kitu. Asikonde zaidi. Maneno niliyomwambia siku ile nitayazungumza naye mwenyewe, usijaribu kunitangulia.

Barua hii anakuja nayo Naeem, ananitangulia kwa wiki moja. Msije kunipokea stendi ya basi na watu wengi.

Gari lina gesi ya kilomita arobaini, hakuna pa kuongeza. Uwanja wa ndege uko kilomita ishirini. Nitaliendesha mwenyewe, madirisha yamefungwa, redio imezimwa. Ishirini za kwenda ni zangu. Za kurudi ni za Frank.

Kakako,
Mohamedtaki